Joya na Kitovu: Kisa cha Sanamu Moja Kwenye Ua wa Wodi ya Wazazi

Mama wa usafi alikuwa amepiga magoti, anasugua kitako cha sanamu yangu kwa brashi ya kufulia na ndoo ya maji ya sabuni. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katikati ya Aprili, masika yamekolea, na mvua ilikuwa imeipiga Dar es Salaam usiku kucha. Kutoka kwenye kila kiungo nilichokichomelea kulikuwa na mchirizi wa kutu ulioteremka hadi kwenye zege jeupe la chini na kutuama hapo, rangi yake kama maji yaliyooshewa nyama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakuinua kichwa. "Hii naiwahi kabla ndugu hawajafunguliwa geti. Wakiikuta hivi wanasema inatoka damu."

Kisa hiki nawaandikia wachongaji wenzangu, wasanifu majengo, na viongozi wa hospitali wanaofikiria kuweka sanamu mahali pa wagonjwa. Hospitali yenyewe sitaitaja. Haikunikosea. Ilinipa kazi, ikaniamini, na ilipoonekana kazi ina kasoro ilinipa nafasi ya kuirudia, jambo ambalo wengi wetu hatulipati. Makosa ya mara ya kwanza yalikuwa yangu, nami nataka yaeleweke vizuri, maana nawaona wenzangu wakiyaendea yaleyale.

Jengo jipya la wodi ya wazazi limezunguka ua wa mraba, na upepo wa bahari unaufikia bila kizuizi. Zamani palikuwa na mwembe hapo, ukakatwa wakati wa ujenzi. Familia moja ilitoa fedha za sanamu kwa kumbukumbu ya mama yao. Masharti yao yalikuwa mawili tu: isiwe na sura ya mtu, kwa kuwa ua ni wa watu wa dini zote, na izungumzie mwili na uhai. Nilipopewa masharti hayo sikulala kwa furaha. Nimekuwa nikikusanya michoro ya viungo vya mwili na mizizi ya miti kwa miaka, na hapa nikaona mtu ameniletea kazi ninayoiota.

Wazo la kwamba ndani ya mwili kuna mti ni la kale. Leonardo da Vinci, aliyefariki mwaka 1519, alichora mishipa ya damu na njia za hewa za mapafu kwa mkono uleule uliochora matawi, na katika daftari zake aliandika kwamba ukiyajumlisha matawi yote ya mti katika kimo chochote, unene wake hulingana na unene wa shina. Mwaka 1926 mwanafiziolojia Cecil Murray akatoa kanuni ya mishipa ya damu. Mshipa unapogawanyika, mwili unaokoa nguvu ikiwa nusu kipenyo cha mshipa mkubwa, kikizidishwa kwa chenyewe mara tatu, kinalingana na jumla ya nusu vipenyo vya matawi yake vilivyozidishwa vivyo hivyo. Mwaka 2003 wanasayansi wa mimea wakaonyesha kwamba mirija ya kupandisha maji kwenye mimea huifuata kanuni hiyohiyo, pale ambapo mirija hiyo haina kazi ya kubeba uzito wa mmea. Mapafu nayo, kutoka bomba kuu la hewa hadi vifuko vyake vidogo kabisa, hugawanyika takriban mara 23. Mti mtupu!

Basi nikachora moyo, na juu yake mishipa mikubwa ikipanda na kugawanyika kama mwembe ule uliokatwa. Michoro niliipeleka Mwenge, kwenye soko la vinyago, kwa mzee mmoja mchongaji wa Kimakonde, mtu ninayemheshimu kama mwalimu. Aliiangalia muda mrefu, halafu akanionyesha kipande cha mpingo alichokuwa anakichonga, kazi ya ujamaa, watu wamepandana kuanzia chini hadi juu, kila mmoja amemshika mwenzake. "Huu wangu una watu," akasema. "Wako una nini?" Sikumwelewa, na sikumwuliza zaidi.

Sanamu ilifungwa Desemba. Kimo chake kilikuwa mita 2.8. Niliiunda Gerezani, mtaa wa mafundi wa chuma hapa Dar es Salaam, kwa bomba za maji zilizopakwa zinki, nikazikunja na kuzichomelea, nikazipaka rangi ya mafuta nyekundu. Ncha za matawi niliziacha wazi, zimekatwa mshazari, ili mtu aone kwamba ni mishipa na ina uwazi ndani. Siku ya ufunguzi watu walipiga picha. Daktari mmoja alinishika mkono akasema hajawahi kuuona mshipa mkuu wa damu ukiwa na heshima namna ile. Maneno yale nayakumbuka hadi leo. Yalitoka kwa mtu anayeujua moyo kwa kuufungua. Akina mama na ndugu zao hawakuwapo kwenye ufunguzi.

Kutu ndiyo iliyoanza kunisuta. Ukichomelea bomba lenye zinki, moto unaiunguza zinki yote ya pale kwenye kiungo, na chuma kinabaki uchi. Fundi yeyote wa Gerezani analijua hilo. Nililijua pia, nikapaka rangi ya zinki juu ya viungo na kudhani inatosha. Haikutosha kwa upepo wenye chumvi. Chumvi hupenya kwenye kila tundu dogo la rangi, ikikutana na unyevu inakila chuma kwa ndani, rangi inavimba kama lengelenge, na mvua ya kwanza ikipiga, lengelenge linapasuka na kutiririka. Kwingine kote hiyo ingekuwa kasoro ya ufundi. Kwenye wodi ya wazazi ina maana nyingine. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya akina mama nchini, na ndugu waliokaa kwenye ua ule ndio haohao wanaoitwa dirishani kuulizwa nani atatoa damu. Mimi nilikuwa nimewawekea mbele yao kitu chekundu chenye matawi yaliyokatwa, kinachochuruzika.

Mwezi wa Mei bwana afya wa hospitali alinipigia simu. Alikuwa amepanda ngazi na kutia tochi kwenye zile ncha nilizoziacha wazi, akakuta maji ya mvua, na ndani ya maji, viluwiluwi. Jiji hili limepata milipuko ya homa ya dengue, ikiwamo ya 2014 na 2019, na mbu anayeibeba hutaga kwenye maji kidogo tu, ya kwenye kopo au tairi, kisha huuma mchana. Mishipa yangu ya moyo ilikuwa makopo 31 yaliyopangwa vizuri juu ya vichwa vya wajawazito. Siku ileile alizijaza zote mchanga na saruji. Nilimshukuru, ingawa matawi yalibaki yanaonekana kama vidole vilivyofungwa bandeji.

Kilichoniumiza zaidi ya hayo mawili nilikuja kukiona kwa macho yangu. Niliomba ruhusa nikae kwenye ua kwa siku tatu, kuanzia geti linapofunguliwa hadi jua kuzama, bila kumwambia mtu mimi ni nani. Lazima niueleze ua huo jinsi ulivyo. Watu hawausimamii kama wageni wa jumba la makumbusho. Wanatandika mikeka na khanga, wanaweka chupa za uji na vyombo vya mtori, wanavua viatu, wanakaa. Jua likihama nao wanahama, wakifuata kivuli. Kila baada ya muda sista anatokea mlangoni na kuita jina la mzazi, na ua mzima unanyamaza mpaka ijulikane ni nani aliyeitwa. Kati ya saa nne na saa sita kivuli kizuri kuliko vyote kilikuwa cha sanamu yangu na ukuta wa nyuma yake. Siku zote tatu hakuna aliyekaa pale. Watu walijibana upande wa pili, jua likiwapiga miguuni.

Siku ya pili nilikaa karibu na bibi mmoja aliyetoka kisiwa cha Mafia, anamsubiri mkwewe. Nilimwamkia, tukazungumza habari za safari na za boti, halafu nikamwuliza mbona hawakai kule kwenye kivuli.

"Kile kitu kimechanwa, mwanangu," akasema. "Mimi mkwe wangu yuko ndani, sijui kama watampasua. Nikae chini ya kitu kilichochanwa?"

Nikamwambia labda aliyekitengeneza alitaka kuonyesha mti.

"Mti gani umekatwa matawi yote na bado unaitwa mti?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo ndilo chanzo cha kila kilichofuata. "Mimi kinachonisumbua ni kitovu. Huyu mtoto anazaliwa mjini, wazazi wake wamepanga chumba Mbagala. Kitovu chake kitazikwa wapi? Sisi kwetu kinazikwa, na juu yake unapandwa mnazi. Mtoto anakua, mnazi wake unakua. Anajua ule wangu."

Kwa wasiotoka pwani: kipande cha kitovu hukauka na kuanguka wiki moja hadi mbili baada ya kuzaliwa, na nyumba nyingi hukizika. Ndiyo maana mtu akitaka kusema kwao hasa ni wapi husema, ndipo kilipozikwa kitovu changu. Kondo la nyuma lilikuwa likizikwa pia enzi za kuzalia nyumbani. Hospitalini linakwenda kwenye shimo la kondo, ambalo ni sehemu ya kawaida ya kituo cha afya chenye huduma ya uzazi.

Jioni ile nilimtafuta sista wa zamu, mkunga wa miaka mingi, nikamweleza mimi ni nani na nimesikia nini. Hakushangaa. Aliniambia wapo wanaoliulizia kondo, baadhi kwa aibu, na wapo wanaohofu lisije likaangukia mikononi mwa watu wabaya. Akanieleza jinsi anavyolikagua kila linapotoka, kwa sababu kipande kikibaki ndani mama atatokwa damu. Kondo la mtoto aliyetimiza miezi lina uzito wa takriban nusu kilo na upana wa sentimita 22 hivi, na upande wake uliokuwa umeshikamana na mama umegawanyika katika vipande 15 hadi 20 kama vya mkate uliokandwa. "Vinaitwa kotiledoni," akasema, "navihesabu, navipanga viangaliane, nione kama kuna pengo." Alikuwa ananionyesha kwa viganja viwili vilivyokunjuliwa, vidole vimetanuka kidogo, kama mtu anayepokea kitu. Upande wa pili, ule wa mtoto, mishipa inatambaa kutoka kwenye kitovu kuelekea kingoni. Kitovu chenyewe kina urefu wa sentimita 50 hadi 60, na ndani yake mna mishipa mitatu iliyosokotana: ateri mbili na vena moja. Na hapo kawaida ya mwili imegeuzwa, kwa sababu vena ndiyo inayompelekea mtoto damu yenye oksijeni na chakula, na ateri mbili zinarudisha iliyotumika.

Neno lile, kotiledoni, lilinikaa kichwani njia nzima ya kurudi nyumbani. Nililijua kutoka shuleni, kwenye somo la mbegu: mahindi yana kotiledoni moja, maharage mawili. Asili yake ni Kigiriki, maana yake ni kitu chenye uwazi kama kikombe, na watu wa tiba na watu wa mimea wamelitumia kila mmoja kwa lake. Nilipokumbuka kwamba mnazi nao ni wa kotiledoni moja, nilifunga safari ya Mkuranga kesho yake.

Nilinunua nazi tatu zilizoota, nikazipasua moja moja. Yeyote aliyekulia pwani anakijua kinachopatikana ndani: joya, lile bonge laini linalokua ndani ya nazi ikiota. Tulipokuwa watoto tuligombania joya. Lakini sikuwahi kuliangalia kama mchongaji. Ile nazi ya kwanza ilikuwa na chipukizi la urefu wa kiganja. Joya lilikuwa limejaza nusu ya uwazi wa ndani, la mviringo, rangi ya maziwa yaliyochemka, ngozi yake ina mikunjo midogomidogo inayogusana, na lilipokaribia nyama ya nazi lilikuwa limelala juu yake bila pengo, kama shavu kwenye mto. Nikaikata nazi ya tatu, iliyokuwa na majani mawili. Joya lilikuwa limejaza kifuu chote, na nyama ya nazi imeanza kuwa nyembamba na laini kama karatasi. Mche ulikuwa unaila kupitia joya. Kibotania joya ni ncha ya ile kotiledoni moja ya mnazi, inayovimba ndani ya kifuu na kunyonya akiba yote kuupelekea mche mpaka mizizi yake iweze kujitegemea. Kazi inayofanywa na kondo tumboni ndiyo inayofanywa na joya ndani ya kifuu, na wanasayansi, bila kukusudia, waliziita sehemu za kondo na asili ya joya kwa jina moja.

Kisha macho ya nazi. Kila kifuu kina matatu. Mawili ni magumu, moja laini, na chipukizi hutokea kwenye lile laini. Kitovu kina mishipa mitatu, miwili ya kurudisha na mmoja wa kulisha. Sisemi kuna siri ya maumbile hapo, ni bahati ya hesabu tu, lakini mchongaji akipewa bahati ya namna hiyo asiiache.

Hapa ndipo nilipoelewa swali la mzee wa Mwenge. Mti wangu wa kwanza ulikuwa na umbo la matawi, na umbo hilo ni la kweli, hata Murray anashuhudia. Ila haukuwa unamfanyia mtu kitu. Nilichukua mwili baada ya kufunguliwa, nikauweka mbele ya watu wanaoomba usifunguliwe. Mwili na mmea hukutana kwanza katika kazi, ya kulisha, ya kushikilia, ya kupumua, na umbo hufuata. Nikitafuta kazi, nitaona umbo. Nikianza na umbo, naishia na mfano wa darasani.

Wenzangu wawili wa fani walinishauri niachane na mwili kabisa. Weka maua, walisema, weka ndege, watu wafarijike. Ushauri wao una ushahidi nyuma yake, na siwezi kuupuuza. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, akilinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo. Nusu yao dirisha liliwapa miti, nusu ukuta wa matofali. Waliotazama miti walikaa hospitalini siku 7.96 kwa wastani, wenzao 8.70, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Ulrich huyohuyo amesimulia pia hospitali ambako sanamu za chuma za ndege, zenye maumbo makali yasiyoeleweka, ziliwatisha wagonjwa wa saratani mpaka zikaondolewa. Yale yaliyonipata hayakuwa mapya duniani.

Hata hivyo sikukubali kuuondoa mwili. Mwanamke anayejifungua anajua mwili wake unafanya nini saa hiyo, na ua la plastiki au la zege haliheshimu kazi anayoifanya. Swali ni sehemu gani ya mwili unaionyesha na kutoka upande gani. Barbara Hepworth, mchongaji wa Uingereza, aliingia vyumba vya upasuaji kati ya 1947 na 1949 kwa mwaliko wa daktari aliyemtibu binti yake, akachora picha nyingi. Ukiziangalia, anachokitafuta ni mikono ya madaktari na manesi na macho yao juu ya barakoa, wameinama pamoja juu ya kazi. Kidonda hakikuwa habari yake. Nasi tunao wa kwetu: kinyago cha mwili cha Wamakonde, kile kinachovaliwa kifuani na mchezaji, kina tumbo la mjamzito lililojaa, matiti, na kitovu kilichochomoza. Ujauzito wote umesemwa, na hakuna mahali palipopasuliwa.

Kondo lenyewe nalo sikulichonga. Sista alinikataza kwa upole, akasema hilo ni la ndani, watu watazame kando. Nikachonga nazi iliyoota. Anayejua ataona kondo, asiyejua ataona mche wa mnazi, na wote watakaa.

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji nilitengeneza mfano wa maboksi wenye ukubwa uleule wa kazi halisi, nikauweka kwenye ua kwa wiki moja. Hatua hii naitetea kuliko zote. Siku ya kwanza watoto waliupanda, nikajua lazima uwe wa kupandwa. Siku ya tatu mama mmoja aliyetoka kujifungua kwa upasuaji alijaribu kuuegemea, akashindwa kuketi kwa sababu ulikuwa chini mno, ikabidi nesi amshike. Nikainua ukingo hadi sentimita 45. Wingi wa mikunjo ya joya niliupunguza baada ya kuona kwamba kwa mbali inafanana na ubongo.

Kazi yenyewe sasa. Sehemu ya chini ni joya, kilima cha mviringo chenye mikunjo mipana, na mikunjo hiyo ndiyo viti. Ndani ni nondo nyembamba na tabaka nne za wavu wa kuku, juu yake saruji, na juu ya saruji terazo yenye chipsi za marumaru nyeupe, imesagwa kwa mashine mpaka kiganja hakikwami popote. Mchanga ni wa mtoni, umeoshwa, kwa kuwa mchanga wa ufukweni unabeba chumvi ileile iliyonimaliza mara ya kwanza, safari hii kwa ndani. Kila mkunjo una mteremko, na pale maji yanapoweza kutuama kuna tundu la kuyatoa. Bwana afya alizunguka na ndoo, akamwaga maji kila mahali, akasubiri dakika kumi akiwa amechuchumaa. Hakuna kilichobaki.

Nyuma ya joya kimesimama kifuu, nusu yake tu, kinakinga upepo na kutoa kivuli. Kina macho matatu, mawili yamezibwa, na kwenye la tatu vinatoka vipande vitatu vya bomba la stenlesi, chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, vilivyosokotwa pamoja, vinapanda na kuishia kwenye jani. Jani la mche wa mnazi ni zima. Kuti huja kuchanika baadaye, mche ukishakua. Nilimkumbuka yule bibi wa Mafia nilipolikunja bati lile, zima, bila mkato hata mmoja.

Stenlesi ilinipa somo jingine. Nilichagua daraja la 316, lenye madini ya molibdeni asilimia 2 hadi 3, maana ndiyo inayostahimili chumvi ya bahari. Bei yake ni kubwa, kwa hiyo nimeitumia kwenye kitovu na jani tu. Nilidhani nimemaliza, mpaka mama wa usafi aliponiuliza ataisafisha na nini. Hospitali husafisha kwa maji ya klorini ya asilimia 0.5, na klorini hiyo huitoboa stenlesi kama chumvi, tena kwa haraka zaidi. Tukakubaliana chuma kianzie juu ya sentimita 90, brashi isikofika, na penye kurukiwa na klorini pasuuzwe kwa maji matupu. Utaratibu huo umebandikwa kwenye stoo ya usafi, na ni yeye aliyeuandika kwa mkono wake.

Rangi hakuna. Terazo ni nyeupe yenye punje za kijivu, chuma kina rangi yake.

Sanamu ya pili ina miezi saba sasa. Nimekwenda mara tano kukaa pale kama zamani. Kivuli cha saa nne kimejaa watu, na mara mbili nimekosa nafasi mimi mwenyewe. Mikeka inatandikwa kuuzunguka mkunjo wa mashariki, chupa za uji zinawekwa kwenye tundu la maji, jambo ambalo sikulitarajia na ambalo nimeomba wasikatazwe, isipokuwa mvua inapokaribia. Familia iliyotoa fedha haikufurahi mwanzoni, waliupenda moyo mwekundu. Mtoto wao mkubwa alinipigia baada ya kukaa pale akimsubiri mkewe. Hakusema mengi. Aliuliza tu kama kibao chenye jina la mama yao kinaweza kuhamishiwa chini, kwenye mkunjo, watu wanapokaa.

Yapo ambayo hayajakaa sawa. Upande wa kaskazini terazo imepata ufa mwembamba kama unywele, urefu wa shubiri moja, na nataka niuzibe kabla ya vuli. Kifuu kinapata joto sana saa nane mchana, huwezi kukiegemea mgongo, na bado sijapata jibu zaidi ya kupanda mti halisi wa kukikinga. Sista ameshapendekeza uwe mnazi. Bwana afya hataki, anahofia nazi kuanguka juu ya watu, na ana haki. Wiki ijayo tunakutana ofisini kwake, watu watatu, tuchague kati ya mwembe na mwarobaini.